"Nilikuwa Nalijua": Kisa cha Integrali Moja Busia

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Tafuta ∫ x³/(x²+1) dx, kutoka 0 hadi 1, yaani eneo lililo chini ya grafu ya x³/(x²+1). Alama 5. Mwanafunzi wangu alikuwa amelijazia ukurasa mmoja na nusu, mwandiko safi, alama za usawa zimejipanga kama askari gwarideni, kisha mwishoni akapiga mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe na kufuta vyote. Pembeni, kwa penseli, aliandika maneno mawili: "Nilikuwa nalijua."

Alinikabidhi karatasi hiyo ya moki, mtihani wa majaribio, mwishoni mwa Agosti 2023, siku ya pili baada ya kurudi nyumbani likizo. Nafundisha hesabu za A-level hapa Busia, upande wa Uganda, barazani kwangu, na visingizio vya wanafunzi navijua vyote: mwalimu hakufika hapo, muda uliisha, swali limetoka nje ya silabasi. Hiki hakikuwa kisingizio. Mei mwaka huohuo nilimwona kwa macho yangu akitatua integrali ngumu kuliko hiyo, tena huku akimwagia wadogo zake chai. Basi mtu anayejua anashindwaje?

Nieleze kwanza ni nani. Binti wa kidato cha sita, anasoma Fizikia, Kemia na Hisabati. Baba yake ni askari polisi, na wanaishi kwenye nyumba za polisi ambako watoto wa makabila kumi hukua wakizungumza Kiswahili kwa sababu hawana lugha nyingine ya kugombania mpira. Mama yake anauza mitumba mtaa wa Sofia, hapahapa Busia, hatua chache tu kutoka Kenya. Shule ya binti ni ya bweni, mbali na hapa, na simu ni marufuku, kama ilivyo kwenye bweni karibu zote za nchi hii. Kwa hiyo kusoma mtandaoni kwake ni jambo la likizo. Mazoea hayo aliyapata wakati wa korona. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Watahiniwa kama yeye waliitwa katikati wakafanye mtihani wao wa kidato cha nne, kisha wakarudi nyumbani kungoja, na katika kungoja huko simu ndiyo iliyokuwa darasa.

Likizo ya Mei nilimwandalia orodha ya video 19. Niliipenda sana orodha ile. Nilikesha siku tatu nikichuja: kipande cha Khan Academy hapa, mhadhara wa MIT pale, mwalimu mmoja Mhindi anayeeleza polepole, na mwanzoni kabisa zile video za Grant Sanderson za mwaka 2017 ambazo ukizitazama unaona eneo chini ya grafu likikatwakatwa kuwa vibao vyembamba mpaka unaamini. Nikazipanga kwa mada. Kwanza kubadili kigeu, yaani kuipa sehemu ya swali jina jipya, video tano. Kisha kupasua sehemu, yaani kuivunja sehemu moja ngumu kuwa sehemu rahisi, video nne. Kisha zenye sine na kosine. Mwisho kabisa kuintegreti kwa vipande, ambako unatenga vitu viwili vilivyozidishwa, kimoja unakidifrenshieti, yaani kinyume cha kuintegreti, na kingine unakiintegreti. Hiyo niliiweka mwisho kwa kuwa ndiyo inayowasumbua wengi, na nilimwambia airudie.

Bando alinunua baba yake. Tangu Julai 2021 data ya intaneti hapa inatozwa ushuru wa asilimia 12, na video ni mlaji mkubwa, kwa hiyo binti alizipakua usiku kwa picha ya kiwango cha chini, zile ambazo chaki na ubao vinakuwa ukungu mmoja, kisha akazitazama mchana bila mtandao. Alizitazama zote 19. Za mwisho alizitazama mara tatu. Daftari lake la likizo ile ninalo hadi leo, na ni zuri kuliko madaftari yangu ya chuo.

Nami nilimpima. Nilikuwa nikisema, "Leo tunafanya kupasua sehemu," nampa maswali sita, anapata sita. Kesho yake, "Leo vipande," anapata matano. Nikamwambia mama yake asiwe na wasiwasi.

Nilivyokosea mara ya kwanza

Nilipoiona karatasi ya moki nilifanya ambalo walimu wengi wangefanya. Nikailaumu simu. Nilijiambia kwamba mtoto ametazama, hakufanya. Kwamba kutazama mtu akikokotoa ni kama kutazama mtu akiogelea. Jioni nikaenda kwa baba yake.

"Jambo afande."

"Jambo mwalimu. Karibu kiti." Akasikiliza yote, kisha akasema, "Mimi hesabu zangu ziliishia kwenye kugawanya. Wewe niambie kitu kimoja tu. Hii simu inamsaidia au inamharibu?"

Nikasema inamharibu. Ikafungiwa kabatini usiku ule. Binti hakubisha, na watoto wa askari hawabishi mbele ya mgeni. Ila macho aliyonitazama nayo nilitembea nayo hadi nyumbani.

Kesho yake nilikaa na ile karatasi kwa makini, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kwenda kwa watu kushtaki. Mtu ambaye hakufanya mazoezi hukosea ishara, husahau C, ile namba isiyobadilika inayoongezwa mwishoni, hukwama kwenye mstari wa pili. Ukurasa ule mmoja na nusu haukuwa na kosa hata moja la aina hiyo. Alichukua x³ kama kipande cha kudifrenshieti, na 1/(x²+1) kama kipande cha kuintegreti, akapata tan⁻¹x, akaandika sawasawa kabisa:

x³ tan⁻¹x − 3∫ x² tan⁻¹x dx

Kisha akaanza kuishughulikia hiyo integrali mpya, kwa vipande tena. Ukiendelea nayo kwa usahihi, inakuzungusha: ndani yake unakutana na ∫ x³/(x²+1) dx ileile uliyoanza nayo. Alikuwa anaizunguka nyumba akitafuta mlango, na kila ukuta ameupima vizuri.

Mlango ulikuwa mbele. Kipeo cha juu ni kikubwa kuliko cha chini, kwa hiyo unagawanya kwanza: x³/(x²+1) ni x − x/(x²+1). Cha kwanza ni x²/2. Cha pili, juu kuna nusu ya derivativu ya chini, basi ni logi. Kabla ya kuweka mipaka, jibu ni ½x² − ½ ln(x²+1) + C. Mistari mitatu. Karatasi ya kwanza ya mtihani wa taifa, P425/1, ilikuwa na alama 100 kwa saa 3, na swali la alama 5 lilikuwa na haki ya dakika 9.

Alipokuja nikamuuliza, "Kwa nini ulichagua vipande?"

"Kwa sababu kuna vitu viwili vimezidishwa, Mwalimu. x³, na moja chini ya x²+1."

Jibu hilo si la kijinga. Nikaandika swali lilelile kwenye karatasi mpya, na juu yake nikaweka kichwa cha habari: GAWANYA KWANZA. Alilimaliza kabla muuza maandazi hajavuka geti. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba ugonjwa si ule nilioutangaza.

Ndugu wanne

Nikampa hizi nne, bila kichwa chochote, na nikamwambia asitatue. Aseme tu angeanza vipi.

∫ x/(x²+1) dx
∫ 1/(x²+1) dx
∫ x²/(x²+1) dx
∫ 1/(x²−1) dx

Ni ndugu wa tumbo moja kwa sura, na kila mmoja ana tabia yake. Wa kwanza ni kubadili kigeu, anatoka ½ ln(x²+1). Wa pili ni tan⁻¹x, huyo unamjua au humjui. Wa tatu unagawanya, unapata 1 − 1/(x²+1), anatoka x − tan⁻¹x. Wa nne ishara moja tu imebadilika, na ishara hiyo inakuruhusu kupasua chini kuwa (x−1)(x+1), anatoka ½ ln|(x−1)/(x+1)|. Binti alipatia mmoja, wa pili. Watatu waliobaki alisema vipande.

Baada ya chai nikampa walewale wanne, safari hii kila mmoja ana kichwa chake juu. Akapatia wote, hadi majibu.

Basi kichwa ndicho kilichokuwa kinafanya kazi. Video yenye jina "kuintegreti kwa vipande" imekwisha kukuambia ufanye nini kabla mwalimu hajashika chaki. Unachojifunza baada ya hapo ni kutekeleza. Orodha yangu nzuri ya video 19 ilimwondolea uamuzi mara 19, na mimi nikaja kumpima kwa kusema "leo tunafanya kupasua," nikamwondolea mara ya 20. Hakuna mahali popote, kwenye orodha yangu wala barazani kwangu, binti huyu alipokutana na integrali iliyo uchi. Mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, husema "tafuta", basi.

Katika kudifrenshieti jambo hili lisingemdhuru sana. Huko sura ya swali ndiyo inayokuambia kanuni: vimezidishwa, kuna kanuni ya kuzidisha, vimegawanywa, kuna yake, kimoja kimo ndani ya kingine, kuna yake. Unamenya kitunguu, ganda baada ya ganda, na mwisho unafika. Integresheni haina ahadi hiyo. Unaweza kuwa na fomula fupi isiyo na ubaya wowote na isiwepo kanuni ya kuifungua. Kwa hiyo nusu ya ujuzi ni kutambua, na kutambua hakufundishiki kwa video inayotangaza jina lake mlangoni. Nadhani hata mwalimu wa ubaoni hufanya kosa hilihili, maana vitabu vyetu navyo vina sura zenye vichwa na mazoezi yenye vichwa. Ila darasani kuna mtihani wa kila mwezi unaochanganya. Kwenye simu hakuna wa kukuchanganyia.

Kulikuwa na jambo la pili, dogo, nililolisikia siku hiyo. Akiwa anakokotoa hutamka kwa sauti yale maneno ya Kiingereza ya kwenye video, yote kwa mfuatano, kama mtu anayesoma dua. Nikamwambia, "Sema kwa Kiswahili. Usinitafsirie. Niambie unafanya nini na kwa nini." Kimya. Kisha akaanza, "Nachukua hii ya chini nzima naiita u... kwa sababu..." Akasimama. Hakuwa na "kwa sababu". Kwa Kiingereza maneno yalikuwa yakimbeba kupita mahali penye shimo. Kiswahili hakikuwa na wimbo wa kumbebea, ikabidi atazame chini. Tangu siku ile ikawa sheria ya baraza: kuandika ni Kiingereza cha mtihani, kueleza ni Kiswahili cha nyumbani.

Kurudisha simu

Ilinibidi nirudi kwa afande. Si jambo rahisi kumwambia askari kwamba ushahidi uliompa juzi ulikuwa wa uongo. Alicheka. "Kwa hiyo namfungulia mshtakiwa?" Nikasema ndiyo, kwa dhamana, na itakuwa inakuja barazani kwangu pamoja naye.

Siku ya kwanza ya simu nilitaka nione anavyoitumia. Nikamwambia atatue tena lile swali la moki kwa njia nyingine, yaani abadili kigeu, kisha alinganishe na programu ya kutatua integrali. Aliiita x²+1 kuwa u, akafika bila kosa:

½(x²+1) − ½ ln(x²+1) + C

Akaandika swali kwenye programu. Programu ikatoa ½(x² − log(x²+1)), na neno la kuonyesha kuna namba ya kuongezwa. Akatazama yake, akatazama ya simu, akachukua kalamu na kuikata ya kwake.

"Umekosea wapi?"

"Sijui. Lakini ile yake haina hiyo nusu."

Kisha akaenda mbele zaidi. Akachukua jibu la simu, akaweka mipaka 0 na 1, akapata ½(1 − log 2), akabonyeza kalkuleta yake ya shule: 0.3495. Akapigia mistari miwili.

Sikumwambia kitu. Nilichukua karatasi nikamchorea mihimili miwili. "x ikiwa 0, grafu iko wapi?" Sifuri. "x ikiwa 1?" Nusu. Nikaunganisha nukta hizo mbili kwa rula. "Hii pembetatu eneo lake?" Kitako 1, kimo nusu, eneo robo. "Sasa grafu yetu inapita juu ya rula au chini yake?" Hapo alifikiri sana, na nilimwacha, kuku wa jirani wakapita na kurudi. Akaliandika swali kama x mara x²/(x²+1), akasema, polepole, kwa Kiswahili: "Hii ya pili, x ikiwa chini ya moja, haiwezi kufika nusu. Kwa hiyo yote haiwezi kufika nusu ya x. Iko chini ya rula."

"Basi eneo lake?"

"Chini ya robo." Akatazama 0.3495 yake. Kisha akaangua kicheko, kile cha mtu aliyegundua anatafuta miwani aliyoivaa. "Mwalimu, simu imenidanganya!"

Haikumdanganya, na hapa ndipo penye mafunzo mengi kuliko video zote 19. Programu nyingi za hesabu zinapoandika log zinamaanisha logi asilia, ile ambayo kwetu shuleni tunaiandika ln. Kalkuleta ya shule ina vitufe viwili: log ni ya msingi wa 10, ln ni asilia. Alisoma alama ya watu wengine akaibonyeza kwa kitufe cha kwetu. Ukitumia ln unapata ½(1 − ln 2), yaani 0.1534.

Ile nusu je? Nilimwambia adifrenshieti majibu yote mawili, lake na la simu. Yote mawili yakatoa x − x/(x²+1), ambalo ndilo x³/(x²+1) lenyewe. Nusu ya ziada imezama ndani ya C. Na ukiweka mipaka, inaongezwa juu na kutolewa chini, haionekani tena. Alikuwa amelikata jibu sahihi kwa sababu halifanani na jibu jingine sahihi. Nimewahi kuona mwalimu akifanya hivyohivyo na kalamu nyekundu, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Kwa kuwa alikuwa amechangamka, nikamsukuma hatua moja zaidi: kanuni ya trapeza, inayokadiria eneo kwa kuunganisha nukta za grafu kwa mistari iliyonyooka, ile waliyokuwa wakiisoma kwa ajili ya karatasi ya pili, P425/2, na ambayo wengi waliiona haina undugu na ya kwanza. Akagawa 0 hadi 1 mara nne. Vimo: 0, 0.0147, 0.1, 0.27, 0.5. Akapata 0.1587. "Imezidi kidogo," akasema, na kabla sijauliza akaongeza, "kwa sababu grafu inalegea, na kamba zangu ziko juu yake." Hapo niliamka nikaenda kuchemsha chai nyingine, maana sikutaka anione uso.

Karata

Zilikuwa zimebaki wiki mbili na ushei. Orodha ya video niliiacha. Tulichukua katoni ya mafuta ya kupikia, tukaikata vipande ukubwa wa karata, na kwenye kila kipande tukaandika integrali moja tu. Hakuna kichwa, hakuna jibu nyuma. Vilifika 48. Wadogo zake hucheza matatu, ule mchezo wa karata, jioni, kwa hiyo kuchanganya karata wanajua kuliko sisi. Kazi hiyo wakapewa wao. Yeye anavuta moja, anaiangalia, anaitupa kwenye rundo: kugawanya, kubadili kigeu, kupasua, vipande, zile za sine na kosine. Hatatui. Anasema kwa Kiswahili kwa nini rundo hili na si lile, basi. Baada ya kuzimaliza anachagua tano anazozitilia shaka, ndizo anazozitatua kwa kalamu, na kila jibu analirudisha kwa kulidifrenshieti kabla hajagusa simu.

Intaneti ikabadilika kazi. Badala ya kuwa mwalimu anayetangulia, ikawa kama shahidi anayeitwa baadaye na kuhojiwa. Maandishi yakatufaa kuliko video, na ni mepesi kwa bando: maelezo ya Paul Dawkins wa Chuo Kikuu cha Lamar, Texas, yana sehemu nzima inayohusu kuchagua mbinu tu, na huko tuliiba maswali mengi ya karata. Kitabu cha bure cha kalkulasi cha OpenStax tulikishusha mara moja, kikakaa kwenye memori kadi. GeoGebra ilitusaidia kuchora grafu pale tulipotaka kujua jibu linapaswa kuwa kubwa au dogo kiasi gani. Video alirudia mbili tu, na kwa mtindo mpya: anaisimamisha swali linapoonekana, anaficha jina la video kwa kidole gumba, anajaribu mwenyewe dakika tano, ndipo anaiachia.

Sikuwa na subira ya kutosha kila siku, nikiri. Wiki ya kwanza ya karata alikuwa akikosea nyingi, na mara moja nilimnyang'anya karata mkononi nikamwonyesha. Alinyamaza jioni nzima. Kesho yake karata ileile ilipotoka aliitupa kwenye rundo langu, si lake, kwa sababu "Mwalimu alisema." Nililazimika kuiondoa kabisa kwenye katoni na kuandika nyingine.

Kuna aliloniuliza katika siku hizo ambalo nalikumbuka. Kwa nini alama ya integrali ina umbo lile? Nikamweleza kwamba Leibniz aliiandika mwaka 1675, ni herufi S iliyovutwa, mwanzo wa neno la Kilatini la jumla. Akasema, "Kwa hiyo kwa Kiswahili ingekuwa J." Tukaitazama wote wawili. Ukiigeuza kidogo, ni J kweli.

Baada ya hapo

Muhula wa tatu alirudi bweni Septemba, simu ikarudi kabatini kwa baba yake, na karata 48 zikaenda naye kwenye kopo la maziwa. Mwalimu wake wa shule, ambaye sijawahi kukutana naye, aliziona na kuziruhusu. Nasikia bweni zima lilikuwa likizichezea baada ya prepu, kwa kelele ambazo matroni hakuzipenda. Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata hesabu yake ilikuwa ya kumpeleka alikotaka. Siwezi kusema ni karata, wala video. Mwalimu yule wa shule naye alikuwa akiwachanganyia maswali muhula mzima, na mtu mwenyewe ni wa kukesha.

Katika kopo lile kulikuwa na kipande kimoja ambacho sikukiandika mimi. Alikiongeza usiku wa mwisho wa likizo: ∫ e^(x²) dx. Alikuwa amekibuni kwa kufuta x moja kutoka kwenye swali la kubadili kigeu, akidhani amekirahisisha. Alikivuta mbele yangu asubuhi ya safari, mkoba uko mgongoni.

"Hiki nimekijaribu kote. Kubadili kigeu, inakosekana x. Vipande, kinazidi kunenepa. Nikakiuliza simu, ikaandika neno moja la ajabu halafu x kwenye mabano. Sikuliamini. Nikarudi kwenye kanuni yako ya trapeza nikapata eneo lake kutoka 0 hadi 1, kwa hiyo eneo lipo. Sasa hiki kinaenda rundo gani?"

Nikamwambia kwamba karne ya kumi na tisa Liouville, Mfaransa, alionyesha jinsi ya kuthibitisha kwamba integrali ya namna hiyo haiandikiki kwa fomula zetu za kawaida. Lile neno la ajabu la simu ni jina tu walilolipa eneo hilo, kwa kuwa halikuwa na jina.

Boda ilikuwa inapiga honi. Akakiweka kile kipande peke yake, upande wa kifuniko cha kopo.

"Basi nilikuwa sahihi kukwama," akasema, akapanda.